Mkeka Chini ya Kitanda

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, tarehe tatu Machi, mwaka elfu mbili na ishirini na tano, mwezi pili Ramadhani, funga ya pili, asubuhi, pale getini pa hospitali. Machano hana haja ya kumuuliza mtu. Wapo wanaosema yaliharibika siku Radhiya alipoteleza kwenye ngazi za nyumba yao akavunjika nyonga. Wengine wanasema ni pale alipoanza kuzungumza na mama yake, ilhali mama yake kafa zamani. Hao hawajui kitu. Mfupa unaungwa, na mtu akizungumza na mama yake hadhuru mtu. Yaliharibika pale getini, Machano alipofika na kikapu mkononi, ndani mna chupa ya uji wa mtama wenye tui na iliki, na yule mlinzi aliyekuwa kila siku akimwambia "pita babu" akanyoosha mkono kama anayesimamisha lori.

"Leo hapana, babu. Amri imetoka juu."

"Juu wapi? Mbinguni?"

"Kwa wakubwa. Hakuna tena jamaa wa mgonjwa kukaa wodini. Kuangalia mgonjwa ni alasiri, saa kumi mpaka kumi na moja, basi."

"Huyo si mgonjwa wa kuangaliwa. Ni mke wangu. Hajanywa kitu tangu jana usiku."

"Wapo manesi, babu. Kuna wageni wanakuja kukagua, hospitali inatakiwa iwe safi."

Machano akafahamu kwamba yeye ndiye taka. Alipokuwa bado anatafuta neno la kumrudishia, akamwona Bi Kazija anatoka ndani, mkeka kaukunja kwapani, mto kaushika mkono mwengine, kanga kaifunga kichwani upande, mfano wa mtu aliyehamishwa nyumba ya kupanga.

"Wamenitoa, Machano," akasema. "Radhiya hata sijamwaga."

Bi Kazija ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta pale Kiponda, mjane, na shoga yake Radhiya tangu walipokuwa wakisukana nywele. Radhiya alipolazwa, wao wawili waligawana. Usiku alilala Bi Kazija kwenye mkeka chini ya kitanda. Alfajiri, Machano akishasali, aliingia yeye na uji. Wodi ilikuwa ya wanawake, lakini manesi wa zamani walikuwa wakifumba jicho, maana mzee yule alikuwa akivuta pazia, akimwekea mkewe chombo cha kujisaidia, akimwosha kwa maji ya vuguvugu, akimtilia udhu, akimlisha, kisha akiondoka zake. Kazi hiyo hakuna aliyekuwa akiigombea.

"Usiangalie," Radhiya alikuwa akimwambia nyuma ya pazia.

"Nisiangalie nini, miaka yote hii?"

"Hata hivyo. Tazama dirishani."

Naye akitazama dirishani huku mikono inafanya kazi. Ndivyo walivyokuwa.

Walioana enzi za foleni za unga. Machano hakusoma sana. Darasa la nne lilimshinda, au baba yake alimshinda, akapelekwa kupondaponda mawe ya chokaa, na kutoka hapo umri wake wote ukaishia kwenye kupaka chokaa kuta za Mji Mkongwe. Siku moja alikuwa juu ya ngazi, anapaka nyumba ya shangazi yake Radhiya, chokaa ikamdondokea msichana kwenye buibui jipya. Msichana akasimama chini, akainua uso.

"Wewe fundi, ukuta huuoni?"

"Ukuta nnauona. Shida yangu nakuona na wewe."

Radhiya alikuwa mtu wa Makunduchi, ulimi wake hauna breki. Akamwambia kwamba mwanamme anayesema maneno kama hayo akiwa juu ya ngazi ajue kuwa ngazi huvutwa. Na akaivuta kidogo, kweli. Walipooana alikuwa akiwahadithia wageni jinsi mumewe alivyoshikilia dirisha la watu huku anapiga kelele za kuomba radhi. Jioni wakipata visenti walikwenda Forodhani, sahani moja ya mihogo na pweza, juisi ya muwa glasi mbili, na Radhiya akimaliza yake akiitazama ya mumewe mpaka apewe. Siku hizi Machano hapiti Forodhani. Pamejaa taa na watu wanaopiga picha chakula badala ya kukila.

Na hospitali ile ile, zamani, ilikuwa nyumba. Machano anaikumbuka mwaka Radhiya alipojifungua mtoto wao pekee, mtoto wa kiume, ambaye hakukaa duniani ila wiki chache. Mama mkwe alitandika mkeka chini ya kitanda. Chini ya kila kitanda palikuwa na mkeka na mama wa mtu, au dada wa mtu, au shangazi. Wodi nzima ilinukia udi na uji wa pilipili manga. Juu walilala wagonjwa, chini ilikuwa baraza: huku wanaazimana sukari, kule wanapeana habari za harusi, mmoja anahadithia kisa cha jini mpaka nesi mwenyewe anasimama na sindano yake mkononi asikie mwisho. Nesi mkuu wa siku zile alikuwa mwanamke mnene mwenye kofia nyeupe. Kabla ya kusogeza kitanda alikuwa akigonga chuma na kupiga kelele, "Hodi huko chini! Inueni miguu!" Mgonjwa akikohoa, mikono miwili mitatu inainuka kutoka chini kabla ya nesi kuvaa viatu. Mtoto wao alipokufa, wanawake wa mikekani ndio waliomshika Radhiya. Hakuna aliyengoja saa kumi ya alasiri kumfariji.

Hayo ndiyo wakubwa waliyoyafagia kwa amri moja, ili wageni wakipita waone sakafu.

Baada ya Jumatatu ile Machano alimwona mkewe saa moja tu kwa siku. Akiingia, kitu cha mwanzo Radhiya alimwambia avute pazia na amwekee chombo. Baadaye ndipo salamu. Akimuuliza, "Umekunywa maji?" alimjibu, "Nshakunywa, nimejaa kama mtungi." Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini alikuwa akicheka, na mtu anayecheka humdhanii. Wiki ile ile akaanza kumwita Machano kwa jina la kaka yake. Kisha akawa anazungumza na mama yake, anamwambia akunje mkeka. Daktari wa zamu akasema ni uzee, wazee huchanganyikiwa wakilazwa. Siku walipokuja kumtundikia dripu, mwengine akasema maji yalikuwa yamekwisha mwilini. Ramadhani haikufika kumi la mwisho, Radhiya akazikwa kwao Makunduchi.

Tangu hapo Machano alikuwa na kauli moja, na kila aliyekaa naye barazani aliisikia: wamemuua mke wangu kwa kiu, na bomba la maji liko ukutani.

*

Karibu mwaka utimie, mwezi wa Januari, ikapigwa hodi mlangoni.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Kama ni pesa za takataka, mwenyewe hayupo."

"Mimi Ummy, babu. Wa hospitali. Shikamoo."

"Marahaba." Machano akatoka, akamtazama. Alikuwa yule yule nesi mdogo aliyekuwa zamu ya mchana kwenye wodi ya Radhiya, sasa kavaa mkanda mpana kiunoni, alama ya kupandishwa cheo. "Siku hizi mnakuja mpaka majumbani? Huko wagonjwa wamekwisha?"

"Hawajesha, babu. Nimekuja na mambo mawili."

"Anza na lililo jepesi."

"Tunatayarisha wodi ya wazee. Wodi mpya, na manesi tumesomeshwa namna ya kuwauguza watu wazima. Kabla ya kufunguliwa, tunataka kuwasikia wenyewe na watu wao. Kuna kikao Alkhamisi. Nataka uje."

"Hilo ndilo jepesi?"

"La pili ni wewe mwenyewe. Umepangiwa operesheni ya tezi mara mbili, hukutokea."

"Nlikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Ya kukaa hapa barazani."

Ummy hakucheka. Machano mwenyewe alijua haikuwa ya kuchekesha. Tezi dume ilikuwa imemziba mkojo mara mbili mwaka ule. Mara zote mbili alipelekwa anatokwa jasho, akatiwa mpira wa mkojo, akarudi nyumbani kabla ya magharibi. Daktari alimwambia wazi: ikiziba mara nyengine na ukachelewa, figo zitakufa, na wewe nyuma yake. Operesheni ilitaka alazwe, wiki moja au zaidi, na mpira, na mtu wa kumgeuza na kumtilia maji.

"Silali pale," akasema. "Nilale mahali ambapo mtu mzima anatenganishwa na watu wake kama mbuzi wa machinjioni? Siku mkiruhusu tena mtu kukaliwa na mtu wake, nitakuja kwa miguu yangu. Kabla ya hapo, msinihangaishe."

"Basi njoo uyaseme hayo Alkhamisi, mbele ya Daktari Dhamana. Mimi nikiyasema peke yangu, yanaishia kwenye korido."

"Na akikataa?"

"Utakuwa umemwambia machoni."

Hilo lilimpendeza. Karibu mwaka mzima alikuwa akiwaambia maneno yale watu wasiokuwa na kosa.

*

Alkhamisi asubuhi Bi Kazija alimgongea dirisha, kavaa buibui la kwendea harusini.

"Hunywi chai?" akamuuliza, maana chupa ilikuwa mezani haijafunguliwa.

"Ntakunywa nikirudi."

"Njia yote hii na koo kavu?"

"Nimesema nikirudi, mwanamke wewe."

Bi Kazija akamtazama kidogo, kisha akatangulia njia.

Kabla ya kikao Ummy aliwapitisha kuiona wodi. Machano aliingia kwa chuki, akitafuta cha kukitia kasoro, na cha mwanzo alichokiona ni ukuta. Umepakwa rangi ya mafuta, kijani kibichi, inang'ara. Wakubwa wakitaka kutengeneza jambo huanza na rangi. Yeye alikula kwa ujinga wao huo miaka mingi, hawezi kuwasema sana. Lakini palikuwa na mengine. Vyooni mna vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Sakafu haitelezi. Saa kubwa ukutani, nambari zake mtu anaziona bila ya miwani, na ubao umeandikwa siku na tarehe, ili mzee akiamka asipotee. Madirisha yamewachwa makubwa, unaona mwembe na kipande cha bahari.

Ummy akabonyeza kitu, kitanda kikateremka polepole mpaka karibu na sakafu.

"Yarabi!" Bi Kazija akapiga ukelele. "Kitanda kinapiga magoti kama ngamia! Hebu kipandishe. Hebu kishushe. Hebu tena." Akakaa juu yake, akapandishwa akashushwa, miguu inaning'inia, anacheka kama mtoto kwenye bembea za Sikukuu. "Machano, hiki Radhiya angekikataa kushuka."

Machano akageukia dirishani. Angekikataa kweli. Angewapandisha wodi nzima mmoja mmoja, na kuwatoza nauli.

Vitu vizuri vinakuja, alikuwa akiwaza, na wenyewe washakwenda.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mdogo, wazee na jamaa zao wamejaa viti vya plastiki. Mbele alikaa Daktari Dhamana, mkuu wa hospitali, jina lake Wakil, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole na maneno marefu. Akazungumzia huduma jumuishi na huduma rafiki.

"Huduma gani hiyo?" Bi Kazija akanong'ona.

"Mwenyewe akijua tumshukuru Mungu."

Ilipofika zamu ya watu kusema, mmoja akashukuru rangi, mwengine akashukuru vyoo. Machano akainuka. Akashika kiti cha mbele.

"Mimi naitwa Machano. Mke wangu alilala hapa Ramadhani iliyopita. Sikuja kushukuru rangi. Nimekuja kuuliza mikeka imekwenda wapi."

Watu wakageuka.

"Zamani," akasema, "mzee akilazwa hapa, chini ya kitanda chake kuna mtu wake. Akigeuka anamwona. Akitaka haja, halazimiki kumwita mtoto wa watu. Nyinyi mkaleta amri, mkatutoa asubuhi moja kama tumeiba. Tulikuwa watu wawili tu, mimi na huyu bibi. Mke wangu akabaki na manesi, na manesi wako mbio, wao wachache na wagonjwa wengi, mimi siwalaumu. Nawalaumu nyinyi mliokaa mezani mkaandika. Mke wangu alikufa kwa kiu ndani ya nyumba yenu."

Wakil akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, msiba ule ni wetu sote. Lakini amri ile ilikuwa na sababu. Kulikuwa na jamaa wanane kitanda kimoja. Watu wanapika kwenye korido. Maradhi yalikuwa yanahama kitanda hadi kitanda."

"Sisi tulikuwa wawili."

"Amri haichagui, mzee."

"Ndio ubaya wake."

Mtu nyuma akasema "eee!" na wengine wakaguna. Machano alitaka kuendelea, maneno ya mwaka mzima yalikuwa yamejipanga kooni, lakini Ummy alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kiti cha manesi, mikono kaifumbata.

"Daktari, naomba niseme. Babu, na wewe naomba unisikilize. Bibi hakunyimwa maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea. Kila nilipomsogezea kikombe aliniambia, nimefunga, mwanangu. Kwa upole, na mkono ameweka kifuani. Na mimi nimefunga, wodi nzima tumefunga. Nikasema huyu mtu mzima ana ibada yake, nitamfungulisha vipi? Nikakirudisha kikombe. Jioni nikimuuliza, alisema atafuturu na uji wa mumewe. Mwenzangu wa usiku ni nesi wa kiume. Yeye akaambiwa, nshakunywa, baba, nenda kwa wengine. Sote tukamwamini."



"Radhiya hakufunga," Machano akasema. "Shehe alimkataza. Alikunywa uji wangu mwezi mosi Ramadhani, mchana kweupe, akanicheka mimi niliyefunga."

"Ndivyo alivyotwambia, babu."

"Na mimi aliniambia amejaa kama mtungi."

Akasikia alichokisema. Akaiona ile saa moja ya alasiri, kila siku, na neno la mwanzo: vuta pazia. Hakumwambia nimekukumbuka, wala hakumuuliza habari za nyumbani, ila avute pazia. Kutwa na kucha alikuwa amejizuia, anamngoja yeye. Na ili asihitaji kitu kwa mtu mwengine, hakutia kitu mwilini. Manesi aliwapa funga ambayo hakuna Muislamu angemfungulisha, na mumewe alimpa mzaha. Akafunga milango yote miwili, akabaki mwenyewe na stara yake.

"Lakini kwa nini adanganye?" Wakil akauliza, na ilionekana kweli hajui. "Angesema tu."

Bi Kazija akageuka na kiti chake kizima.

"Aseme nini, Daktari? Amwambie kijana aliye umri wa mjukuu wake, njoo unifunue? Wewe mama yako angesema?"

Wakil akavua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu kwa upindo wa shati, na pale Machano, ambaye alikuja kumchukia, akamwona kuwa ni mtu aliyekuwa na mama.

"Asingesema," Wakil akajibu. "Na hakusema."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kama ukuta mbovu, ukisukumwa mahali pake unaanguka wote. Wazee wakasema mmoja baada ya mwengine. Bibi mmoja wa Jambiani akasimulia jinsi alivyokuwa akificha vidonge chini ya mto kwa sababu vinampeleka haja usiku. Babu mmoja akasema yeye alitembea mwenyewe chooni gizani akaanguka, akawaambia kajigonga mlangoni. Watu walicheka na kufuta macho pamoja. Hatimaye Wakil akasimama na kusema kwamba kuanzia siku wodi itakapofunguliwa, kila mzee atakaliwa na mtu wake mmoja, usiku na mchana. Wanawake watahudumiwa na wanawake, wanaume na wanaume. Na mzee akisema amefunga, au keshakunywa, ataulizwa mtu wake kwanza kabla ya kikombe kurudi.

"Tutawawekea jamaa viti vizuri vya kulalia," akaongeza.

"Viti vya nini?" Bi Kazija akauliza. "Mkeka, Daktari. Wenyewe tutakuja nao."

"Mikeka, basi. Lakini ikunjwe asubuhi, tupate kupiga deki."

Bi Kazija akapiga kigelegele, na ukumbi ukamuitikia. Machano alikaa. Kwa mara ya mwanzo tangu Jumatatu ile alihisi kifua kimeachiwa. Alitamani arudi nyumbani akamwambie mtu, na mtu wa kumwambia ndiye huyo huyo.

Watu walipoanza kuinuka, Wakil akamjia pamoja na Ummy, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee Machano, umeshinda. Ummy kanambia ahadi yako: mtu akiruhusiwa kukaliwa na mtu wake, utakuja kwa miguu yako. Tunafungua Jumatatu ijayo. Kitanda cha dirishani ni chako, na operesheni Jumatano. Usituache tena, maana figo hazingoji." Akageuka kwa Ummy. "Andika. Mtu wako nani, babu?"



Mtu wake. Jina lililomjia ulimini lilikuwa moja tu.

"Ngojeni nimpigie mwana wa dada yangu," akasema. Dada yake mwenyewe alishatangulia zamani. Akatoa simu, akaishika mbali na macho, Ummy akamsaidia kubonyeza. Ayoub alikuwa Kendwa, hotelini, na kabla ya sauti yake ulisikika muziki na watu wanacheka kizungu.

"Shikamoo mjomba! Kuna nini?"

Machano akamweleza.

"Wiki nzima, mjomba? Januari hii? Huku vyumba vimejaa mpaka stoo. Nikiondoka siku mbili nakuta mtu mwengine kavaa shati langu. Ntakuja siku yangu ya mapumziko, inshallah, Ijumaa. Nusu siku. Au tumtafute mtu wa kumlipa?"

"Mtu wa kumlipa ni nesi, mwanangu. Wapo."

"Usikasirike, mjomba."

"Sijakasirika. Kawahudumie wageni."

Bi Kazija alikuwa kasimama pembeni, anapindapinda ushungi wake. "Ningekaa mimi," akasema polepole, "Mungu shahidi. Lakini mimi si maharimu wako, Machano. Kukupikia ntakupikia, uji utaletwa getini kila siku. Lakini kukuvulia nguo na kukusafisha, na wewe hutokubali."

"Sitokubali," akasema Machano.

"Mimi nitakuwepo, babu," Ummy akaanza.

"Wewe ni mwanamke, na Daktari keshasema wanaume kwa wanaume. Na zamu yako ikiisha utakwenda kwa watoto wako, na haki yako." Hakusema kwa ubaya. Ubaya wote ulikuwa umemtoka kule kwenye kiti, na sasa hakuwa na pa kuegemea. Kiu ilikuwa imemkamata, ulimi umekauka, na jagi la maji lilikuwa mezani karibu na mkono wake. Hakuligusa, kama alivyoiacha chai asubuhi.

Nyuma yao, yule babu aliyeanguka chooni alikuwa kasimama na fimbo yake, kasikia yote. "Na mimi vile vile," akasema. "Watoto wangu wote wako Omani."

Bibi mmoja akasita mlangoni. Mwengine akarudi na kukaa.

Daktari Dhamana aliwatazama, kisha akaitazama karatasi ya Ummy, mahali penye nafasi ya jina, kisha akatazama huku na huku kama aliyeweka kitu pale dakika ile ile na sasa hakioni.  Ummy akainamisha kichwa. Bi Kazija akaacha kupinda ushungi.

"Daktari," Machano akasema, na safari hii aliuliza kwa sababu alitaka kujua, "wenye watu mmewatengenezea. Sisi ambao watu wetu tushawazika, atatukalia nani?"